Jua halina swichi: mitambo ya sola ikaguliwe na ipimwe

Fundi wa stima anapoitwa shuleni kuongeza taa bwenini au kutengeneza soketi iliyoungua, aghalabu huuliza swali moja kabla ya kufungua mkoba wake: "Swichi kuu iko wapi?" Akionyeshwa, huishusha, hujaribu taa moja mbili, na zisipowaka hutangaza kwamba stima imezimwa. Kisha hupanda ngazi na kuanza kazi. Kwa miaka mingi utaratibu huo ulionekana kutosha, kwa kuwa majengo yetu mengi yenye umeme yaliupata mahali pamoja tu, yaani kwenye nguzo za barabarani. Siku hizi hautoshi hata kidogo. Iwapo juu ya paa la bweni hilo kuna paneli za sola, tangazo la kwamba stima imezimwa linaweza kuwa neno la mwisho kutamkwa na fundi huyo.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa umeme. Hata hivyo nathubutu kuingilia jambo hili kwa sababu nusu ya hatari yake imo katika nyaya, na nusu ya pili imo katika maneno. Ninaloshikilia ni hili: kila jengo lenye mtambo wa sola uliowekwa zamani likaguliwe na lipimwe na fundi mwenye leseni kabla ya kazi yoyote ya umeme kufanywa humo, na matokeo yaandikwe kwa lugha ambayo mwenye jengo anaielewa. Kwa Wakenya walio wengi, lugha hiyo ni Kiswahili.

Ikumbukwe kwamba sola si jambo geni katika nchi hii. Mnamo 1984 Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, huko Meru, iliwekewa taa za umeme wa jua kwa juhudi za Wamarekani wawili, Harold Burris aliyekuwa mhandisi, na Mark Hankins aliyekuwa mwalimu wa kujitolea. Vijana wa hapa nchini walifunzwa kazi hiyo, na katika miaka ya themanini na tisini paneli zikaenea katika sehemu za kahawa na majani chai kandokando ya Mlima Kenya. Wengi waliozinunua walitaka mambo mawili tu: taa ya watoto kusomea na televisheni ya kutazama habari. Paneli moja na betri moja ya volti 12 vilitimiza haja hiyo.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Tangu 2015 mpango wa serikali wa kufikisha umeme kwa wananchi walio karibu na transfoma umeunganisha nyumba nyingi ambazo tayari zilikuwa na sola. Shule za msingi za umma nazo zilipelekewa umeme ili vipakatalishi vya wanafunzi vipate kutumika, na zile zilizo mbali na nguzo zikapewa sola. Kisha Sheria ya Nishati ya 2019 ikamruhusu mtumiaji mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi megawati 1 kuomba kuingiza umeme wake wa ziada katika gridi ya taifa. Matokeo ya hayo yote ni kwamba jengo moja laweza kuwa na kazi za vizazi vitatu vya mafundi: nyaya za volti 12 za tangu zamani, nyaya za nguzo zilizofuata, na paneli mpya zenye nguvu nyingi zilizoongezwa juzi.

Ni nani anayejua yote yaliyomo ndani ya kuta hizo? Fundi wa kwanza huenda alikwishahama. Mwalimu mkuu aliyepokea mtambo alihamishiwa shule nyingine. Mfadhili aliyeutoa alirudi kwao. Karatasi za maelezo, kama ziliwahi kuwapo, ziliishia katika sanduku ambalo mchwa wamelifikia kabla yetu. Kilichobaki ni nyaya tu, na nyaya hazina ulimi wa kujieleza. Ndiyo sababu fundi anayefika leo hana budi kujiona kama mtu anayesoma maandishi ya kale yasiyo na jina la mwandishi. Asidhani. Asome.

Tuanze na maumbile ya kitu chenyewe. Paneli ya sola hutoa umeme maadamu imepata mwanga. Hakuna kidude cha kuizima. Mtu akishusha swichi iliyo ukutani, amekata njia kutoka swichi hiyo kuendelea mbele. Waya unaotoka paani hadi kwenye swichi hiyo ungali na umeme wake wote. Paneli kubwa za siku hizi hutoa volti zinazokaribia 45 kila moja zinapokuwa hazijaunganishwa na mzigo wowote. Zikiunganishwa 10 kwa mfuatano, volti hujumlika hadi 450 au zaidi. Hizo ni karibu mara mbili ya zile 240 ambazo sote tumefunzwa kuziogopa tangu utotoni.

Isitoshe, umeme huo ni wa namna nyingine. Umeme wa nguzo ni mkondo geu: hubadilisha mwelekeo wake kila mara, na katika kubadilika huko hupita kwenye sufuri mara 100 kwa kila sekunde. Kwa hiyo cheche inayoruka swichi inapofunguliwa hupata nafasi ya kufa. Umeme wa paneli na wa betri ni mkondo mnyoofu: huelekea upande mmoja bila kupumzika. Cheche yake ikianza, yaweza kuendelea kuwaka kama moto wa mchomeleaji hata ikayeyusha plastiki na kushika mbao za paa. Ndipo tunapoona kwa nini swichi ya kawaida ya mkondo geu haifai kufungwa katika njia ya mkondo mnyoofu, na kwa nini viunganishi vya paneli havichomolewi kamwe wakati mkondo unapita.

Kuna pia inveta, yaani kifaa kinachogeuza mkondo mnyoofu kuwa mkondo geu ili utumike katika soketi za kawaida. Inveta zilizoungwa kwenye gridi pekee hujizima umeme wa nguzo unapokatika, ili zisimwue fundi anayetengeneza laini huko nje. Lakini zile zenye betri hufanya kinyume ndani ya jengo: umeme wa nguzo ukikatika, huchukua zamu mara moja na kuendelea kulisha baadhi ya soketi. Fundi anaposhusha swichi kuu, kwa inveta hiyo ni sawa na umeme kupotea. Basi huamka na kufanya kazi yake. Soketi moja imekufa, na ya jirani yake iko hai.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kitenzi "kuzima" kimezoea kutumika kwa kitu chenye chanzo kimoja: tunazima taa, tunazima moto, tunazima redio. Neno "stima" lenyewe tulilikopa kutoka Kiingereza, na asili yake ni mvuke wa mashine. Mashine ikisimamishwa, basi imesimama. Tunaposema "stima imezimwa" tunatumia kauli ya kutendwa, ambayo haimtaji mtenda wala mahali. Ni nani aliyezima? Amezima wapi? Amezima chanzo kipi? Sentensi haisemi, na msikilizaji hajui kwamba haijasema. Tena lugha yetu ina kivumishi "-zima" chenye maana ya uhai na ukamilifu, kama tunapomjulia mtu hali kwa kumwuliza kama yu mzima. Katika jengo lenye sola, waya uliozimwa waweza kuwa mzima. Msomaji asidhani ninacheza na maneno. Hiyo ndiyo hali halisi inayomkabili fundi juu ya ngazi, na usemi uliozoeleka haumwonyi.

Dawa yake ni kuzitenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kukagua na kupima. Kukagua ni kazi ya macho, masikio, pua na maswali. Kupima ni kazi ya vyombo. Taratibu za kimataifa za mafundi zimeweka ukaguzi mbele na upimaji nyuma, na zipo kanuni maalumu za mitambo ya sola, IEC 62446-1, zilizotolewa mwaka 2016, zinazoeleza hati zinazopaswa kuwapo, yanayopaswa kukaguliwa na yanayopaswa kupimwa. Mpangilio huo una maana. Anayepima bila kukagua ataweka chombo chake mahali asipopajua; anayekagua bila kupima atabaki na dhana zake.

Katika kukagua, fundi huanza kwa kuuliza. Mtambo uliwekwa lini? Betri ziko wapi? Kuna jengo jingine linalolishwa kutoka hapa? Halafu hutazama. Je, fremu za paneli zimeshikwa vyema au upepo umezilegeza? Kuna waya uliosuguliwa na ukingo wa bati hadi plastiki yake ikaisha? Panya wametafuna wapi? Kuna kiunganishi kilichobadilika rangi kwa joto, au viwili vya watengenezaji tofauti vilivyolazimishwa kushikana? Fyuzi zipo, au kuna aliyeweka kipande cha waya mahali pake? Fremu zimeunganishwa na waya wa ardhi? Betri za asidi ziko penye hewa ya kutosha, au zimefungiwa stoo pamoja na vitabu na mafuta ya taa? Betri hizo zinapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka kwa cheche ndogo tu.

Kabla ya kugusa waya wowote, fundi hutenga vyanzo vyote: upande wa mkondo geu wa inveta, upande wa paneli, na upande wa betri, kwa utaratibu ulioandikwa na mtengenezaji. Hufunga swichi hizo kwa kufuli ili mpita njia asiziwashe. Husubiri dakika zilizotajwa kwenye kifaa, kwa sababu ndani ya inveta hubaki umeme uliohifadhiwa. Kisha huthibitisha kwamba waya umekufa. Uthibitisho huo una hatua tatu: hujaribu kipimo chake mahali anapojua pana umeme, hupima waya anaotaka kuugusa, kisha hurudi kukijaribu kipimo mara ya pili. Bila hatua ya kwanza na ya tatu, kipimo kilichoharibika kitamwambia kila waya umekufa, naye ataamini.

Ndipo upimaji unapofuata. Fundi huhakikisha waya wa ardhi haujakatika popote, na kwamba chanya na hasi hazikubadilishana mahali. Hupima kama umeme unavuja kupitia plastiki iliyochakaa ya nyaya, na kwa kazi hiyo hutumia chombo kinachotoa volti za juu. Kwa mtambo wa volti kati ya 120 na 500, chombo hutoa volti 500 na kipimo kisipungue megaohmu 1. Hapa pana mtego: chombo hicho kikitumika wakati inveta ingali imeunganishwa, kinaweza kuiharibu mara moja. Mtu asiyejua kwamba jengo lina sola ataharibu kifaa cha thamani kubwa huku akidhani anafanya uangalifu. Mwisho hujaribu zile swichi za kinga zinazokata umeme unapovuja, mara moja jengo likilishwa na nguzo na mara ya pili likilishwa na inveta, maana kinga inayofanya kazi katika hali moja yaweza kushindwa katika hali nyingine kwa sababu ya jinsi waya wa ardhi ulivyounganishwa.

Walimu wa fizikia wataona kwamba hesabu za kazi hii ni za darasani kabisa. Tuseme shule ina mifuatano miwili ya paneli 10 kila mmoja, za aina moja, chini ya jua lile lile. Mfuatano wa kwanza unaonyesha volti 450. Wa pili unaonyesha 405. Pengo ni 45, nazo ni volti za paneli moja. Bila kupanda paani, mpimaji amekwisha kujua la kutafuta huko: paneli moja imerukwa au imekufa. Hivyo kupima si kwa ajili ya usalama peke yake. Shule iliyokuwa ikilalamika kwamba sola haina nguvu yaweza kugundua kwamba kwa miaka kadhaa ilikuwa ikipoteza sehemu ya umeme wake, au kwamba mwembe uliopandwa na wanafunzi wa zamani umekua na sasa unatia kivuli saa za alasiri.

Wako watakaosema kwamba haya ni makuu, kwani sola ya mashambani ni ya volti 12 tu, na volti 12 haziui. Ni kweli volti hizo hazitamtetemesha mtu. Lakini spana ikiangukia ncha mbili za betri kubwa, mamia ya ampea hupita kwa mara moja, chuma kikawa chekundu na asidi ikaruka. Nyumba huteketea kwa volti 12 sawasawa na kwa 240. Moto hauulizi ulitoka kwenye chanzo gani. Fauka ya hayo, ni nani aliyethibitisha kwamba zingali 12? Jibu la swali hilo ndilo ukaguzi wenyewe.

Wengine watataja gharama, na hilo ni jambo la haki. Shule zetu nyingi zina madeni ya chakula, sembuse ada ya fundi. Lakini wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi atakayeitwa kuongeza soketi atalipwa vyovyote vile. Tunachoomba ni aanze na saa chache za kukagua na kupima, na zihesabiwe kuwa sehemu ya kazi, si nyongeza ya hiari. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliweka leseni za mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3, na daraja la T3 ndilo lililopewa mitambo mikubwa, ikiwamo ile iliyounganishwa na gridi. Mwalimu mkuu ana haki ya kuomba kuiona leseni kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani. Kuuliza si kumdharau fundi. Fundi hodari hufurahi kuulizwa.

Nije sasa kwenye lugha ya ripoti. Fundi akimaliza, aghalabu hutoa maelezo kwa mdomo, nusu Kiingereza nusu Sheng, au huacha fomu ya Kiingereza yenye vifupisho ambavyo hata mwalimu wa Kiingereza hawezi kuvifumbua. Bawabu wa usiku, matroni wa bweni na mpishi, ambao ndio watakaokuwa karibu moto ukizuka, hawaambiwi lolote. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Habari isiyoeleweka bado haijatolewa.

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Dai hilo limechakaa. Mnamo 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mafundi nao wana maneno yao: paneli, betri, inveta, fyuzi, soketi. Kinachokosekana ni makubaliano ya kuyatumia kwa namna moja. Tatizo kubwa huzuka pale neno moja linapobeba maana mbili, kwa mfano "sola" ikimaanisha paneli kwa huyu na mtambo mzima kwa yule. "Zima sola" ni amri gani basi? Vyuo vya ufundi na idara za Kiswahili vingekaa meza moja kwa siku chache, orodha ya maneno hamsini ingepatikana, na ingetosha kuandikia ripoti ya ukurasa mmoja.

Hata kabla ya orodha hiyo, kibao kimoja kilichobandikwa kando ya swichi kuu kingeokoa maisha. Vibao vyetu vimezoea kusema "Hatari! Usiguse." Onyo hilo linamtisha mtoto, lakini halimfundishi fundi chochote. Napendekeza maneno haya: "Jengo hili lina vyanzo viwili vya umeme: nguzo na sola. Swichi ya sola iko mahali fulani. Betri ziko chumba fulani. Waya za paani zina umeme mchana wote hata swichi zikishushwa. Tarehe ya ukaguzi wa mwisho ni hii." Sentensi tano, zenye vyanzo, mahali na wakati. Kila pengo lililoachwa na ile kauli ya kutendwa limezibwa.

Walimu wenzangu, kazi hii si ya mafundi peke yao. Mwalimu wa fizikia awaongoze wanafunzi kuchora ramani ya mtambo wa shule yao, kwa macho tu, bila mtu kugusa waya wala kupanda paa. Mwalimu wa Kiswahili awape zoezi la kuandika maelezo ya ramani hiyo, kisha ampe mpishi ayasome. Asipoyaelewa, mwanafunzi arudie. Ramani na maelezo vitiwe katika faili moja ofisini, pamoja na ripoti ya kila fundi atakayefika. Mwalimu mkuu akihamishwa, faili ibaki.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtakuwa wahandisi na mafundi katika nchi ambayo paa zake zitazidi kujaa paneli. Jifunzeni kulichunguza kila neno mnaloambiwa kazini. Mtu akikwambia stima imezimwa, mwulize ni ipi, imezimwa wapi, na amejuaje. Akikosa jibu la swali hata moja kati ya hayo, usipande ngazi. Likizo ya Agosti iko kila mwaka, mabweni huwa matupu, na jua huwepo la kupimia. Shule yenye sola isiyojua ilikaguliwa lini na iitumie likizo ijayo kumwita fundi mwenye leseni, kisha imdai ripoti yake kwa Kiswahili.